Mji wa Aalbrink Kama Ulivyo

Alberta, Kanada
14 Septemba 1986

Mdogo wangu Gerdien,

Nakusalimu wewe, shemeji Reint na watoto. Huku tu wazima, ila mgongo wa Theo unamsumbua tangu tumalize kukata majani ya ng'ombe. Karlijn ameshaota jino? Na wewe mwenyewe, unalala? Hilo la pili nijibu kwa ukweli.

Barua yako ya kuanguka kwa Baba nimeisoma hadi karatasi imelegea. Nimekawia kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu, nilijikuta naandika maneno ya kadi za kununua. Sasa nina la maana. Mtu wa shamba la pili anataka kununua shamba letu, ng'ombe na vyote. Theo amechoka na baridi ya huku. Tukiuza, tutarudi Aalbrink tukae nyumbani kwa Baba, na mimi nimtunze. Wewe umebeba vya kutosha.

Lakini kichwani nina Aalbrink mbili. Ya kwanza ni ya hamu, nayo ina harufu ya mkate mweusi na kahawa ya saa nne. Ya pili ni ya siku ya harusi yangu. Kila bibi harusi wa mtaa wetu alitoka nyumbani chini ya upinde wa matawi ya msonobari na maua ya karatasi, uliofungwa mlangoni na majirani. Mimi nilitoka kwenye mlango mtupu, kwa sababu mimi, Mprotestanti, nilikuwa naolewa na Mkatoliki. Miaka kumi na minne imepita na bado naiona rangi ya mbao ile.

Hakuna hata moja kati ya hizo mbili ninayoiamini. Nina watoto watatu, na baba yao ni Theo. Kwa hiyo nakuomba unieleze mji kama ulivyo, bila kuupendelea wala kuuonea, kama unavyomweleza mtu ng'ombe ambaye si wako. Mnunuzi anataka jibu kabla ya Krismasi.

Dada yako,
Willemien

---

Aalbrink, 5 Oktoba 1986

Dada yangu Willemien,

Salamu zimefika. Jino limeota, tena mawili. Kulala, silali. Mwambie shemeji Theo apake mafuta ya moto na aache kuinua ndoo.

Baba ni yule yule. Tangu kile kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na katika maneno yote aliyokuwa nayo amebakiwa na moja: "Basi." Akitaka kahawa, basi. Akitaka kwenda chooni, basi. Nimejifunza kuyatofautisha kwa sauti, kama nilivyojifunza vilio vya Karlijn.

Kabla sijaanza, ujue nimesimama upande gani. Reint amepewa kazi bandarini Vlissingen, na nyumba juu, ghorofa ya nne, dirisha linatazama maji. Wanataka jibu kufikia mwaka mpya. Mkija, sisi tunakwenda. Msipokuja, tunabaki, maana Baba hawezi kuachwa na hakubali kuhamishwa. Tulipojaribu kumpeleka kwetu, mwisho wa mtaa huu huu, aliushika mlango kwa mkono mzima hadi kucha zikatoka damu. Ndiyo maana tumehamia sisi kwake. Kwa hiyo nina kila sababu ya kukunyunyizia mji sukari. Nisome ukijua hivyo.

Haya, mji. Kiwanda cha chuma kimepunguza watu lakini hakijafungwa. Jumamosi watu wanafagia mbele ya nyumba kama zamani, na asiyefagia anasemwa hadi Jumatano. Watoto wa Kikatoliki na wetu bado wana shule zao mbalimbali, ila timu ya mpira sasa ni moja. Mwaka jana kwenye sikukuu ya kumpiga risasi ndege wa mbao, aliyemwangusha alikuwa Mkatoliki, akatawazwa mfalme wa mwaka, na hakuna aliyenuna mbele za watu. Nyuma ya watu sikuwepo.

Kwenye ile nyumba ya pembeni anakaa Mama Nuray, Mturuki, mumewe yuko kiwandani. Wana miaka sita hapa. Kila mtu anamsalimu kwa jina. Lakini sijasikia aliyewahi kuingia kwake kunywa kahawa, na mimi nimo humo humo. Nimeandika hilo nikaona haya, nikataka kulifuta. Umetaka mji kama ulivyo, na mimi ni wa mji.

Daktari anakuja ukimwita, hata Jumapili. Muuza mkate anajua Baba hatafuni maganda. Anayakata bila kuambiwa wala kusema neno. Watu wa hapa wema wao ndio huo, hauna sauti. Na ubaya wao pia hauna sauti, ndiyo shida.

Nimeacha kalamu kidogo. Jolien alikuwa anamlisha babu yake sabuni. Baba alisema basi, na kwa mara ya kwanza nyumba nzima tulimwelewa.

Nilikuwa wapi? Mapazia. Bado yako wazi mchana kutwa, nyumba zote, na ukiyafunga watauliza unaficha nini. Kwa hiyo wananiona. Wananiona nikimwinua Baba kitini, mtoto mmoja kiunoni, mwingine ameng'ang'ania sketi. Wananipungia mkono kwa upole kabisa, wanapita. Karlijn alipozaliwa Reint alipita kuwaita, wakaja wote, nyumba sita, wakapika, wakafua. Tangu Baba aanguke hakuna aliyegusa kengele ya mlango.

Wiki nzima safari yangu ndefu kuliko zote ni kwenda kwa muuza mkate: hatua mia mbili na kumi. Siku nyingine kifua hunibana nikiwa nimesimama katikati ya jiko, hakuna kilichotokea. Lakini hilo sijui kama ni kosa la mji. Huenda hata kule juu ya maji ningesimama hivyo hivyo.

Nimejitahidi. Amua wewe.

Mdogo wako,
Gerdien

---

Alberta, 1 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Tu wazima, na mgongo wa Theo unapata nafuu kwa mafuta uliyoshauri. Barua yako Theo ameisoma mara tatu. Alicheka pale pa sabuni, halafu pale pa kifua akarudia kusoma. Mwone daktari, na usiniambie huna muda.

Umekuwa wa haki, ila kuna mahali umeparuka. Umenieleza mapazia na mkate, lakini mlango wangu hukuugusa. Walioacha mlango ule mtupu bado wapo? Mama Lammerink wa nyumba ya jirani yupo? Kama wanaona aibu kwa walichofanya, nitakuja, nitaweza kuishi nao. Kama hawaoni, siwezi kuwaweka wanangu katikati yao. Nenda ukamuulize. Theo ameshaanza kuzungumza na mnunuzi.

Dada yako,
Willemien

---

Aalbrink, 20 Novemba 1986

Dada Willemien,

Natumaini barua hii itawakuta salama wote. Sisi tuna mafua, Baba hana. Kaa chini kabla hujaendelea.

Jumamosi nilimwachia Reint watoto na Baba, nikaenda kwa Mama Lammerink saa ya kahawa. Alinipa biskuti moja, akafunika kopo, kama kawaida yake. Nikazungumza habari za hali ya hewa hadi zikaisha. Kisha nikamuuliza moja kwa moja kwa nini yeye, nyumba ya karibu kuliko zote, hakukufungia upinde.

Aliweka kikombe chini. Akasema, "Maua tulikuwa tumeshayakata. Mia mbili, meupe. Tuliyakatia hapa, kwenye meza hii."

Nikauliza mbona hawakuja.

"Tulimngoja baba yako aje kutuomba. Hakuja."

Unaijua desturi kama mimi. Baba wa bibi harusi anapita nyumba zote sita, anawaomba majirani waichukue harusi mikononi mwao. Bila kuombwa hakuna anayegusa mlango wako. Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, nakumbuka vizuri Baba ameketi mezani akimwambia marehemu Mama kwamba amepita kote, na wamekataa. Sote tulimwamini. Wewe uliondoka Ulaya ukiwa umemwamini.

Nilimuuliza Mama Lammerink kama hawakuweza kuja tu, wakijua ni harusi yako. Alinitazama kana kwamba nimemwambia apitie dirishani. "Kwenye mlango wa mtu? Bila kuombwa? Tungekuwa tunamwaibisha baba yako mbele ya mtaa mzima." Nikasema basi angetuambia baadaye, miaka hii yote. Akasema si kazi yake kumchongea mzazi kwa mwanawe, na kwamba mimi ndiye wa kwanza kuuliza. Sidhani anaona aibu, dada. Anaona alikuwa sahihi. Lakini alipokuwa ananisindikiza mlangoni alinishika kiwiko, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nilirudi nikaketi mbele ya Baba. Nikamuuliza, "Baba, ulikwenda kuwaomba?" Aligeuzia uso dirishani. Akasema, "Basi." Hiyo ya namna hiyo sikuwahi kuisikia.

Reint alinishauri barua hii niiweke kwenye droo hadi mfike. "Atajua mwenyewe akishakuwa hapa," akasema. Nikamwambia haiwezekani umwambie mtu aje kumlisha na kumwogesha yule yule aliyemfanyia hivi, bila kujua. Akasema, "Gerdien, unajifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe." Ni kweli. Hakuwa mkali aliposema. Alikuwa ameishika picha ya bandari tuliyotumiwa na watu wa ile kazi.

Na haki niliyoutendea mji nimtendee na Baba: kila barua yako ilipofika, miaka yote alipokuwa mzima, aliisoma amesimama. Hakukaa hata mara moja. Sikujua kwa nini, na sasa pia sina hakika.

Mdogo wako,
Gerdien

---

Aalbrink, 18 Januari 1987

Dada Willemien,

Hamjambo huko? Nauliza kwa sababu sijui. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, na kila asubuhi mtu wa barua ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo. Jolien amepona kikohozi. Baba amepungua uzito.

Reint aliwaandikia watu wa bandari tarehe thelathini Desemba, akawakatalia. Aliandika amesimama, jikoni, akaenda kuiposta mwenyewe. Hajanilaumu, na hilo linaniuma kuliko angenilaumu.

Nilikukasirikia. Ninakueleza ili usije ukasikia harufu yake katika barua zangu ukadhani ni kitu kingine. Nilisema nimekupa ukweli wote, nawe hukunipa hata mstari mmoja. Nilikaa na hasira hiyo wiki tatu, nikiosha vyombo nayo.

Halafu Jumatatu moja nilikuwa namwinua Baba, Mama Lammerink akapita, akapunga mkono, nami nikamtukana kimoyomoyo. Tusi likiwa bado njiani nikasimama. Nilikuwa namngoja aje. Kwenye mlango wa mtu, bila kuombwa. Miezi sita namchukia mwanamke kwa jambo ambalo Baba alilifanya, kutokwenda kuomba, na ambalo na mimi nalifanya.

Nikavaa koti la kanisani, nikamtia Karlijn kwenye kigari, nikapita nyumba zote sita. Kila mlango nilisema: nimekuja kuwaomba ujirani kwa ajili ya Baba. Maneno mepesi, lakini kwenye mlango wa kwanza niliyaanza upya mara mbili. Mama Lammerink aliniambia, "Nusu mwaka nakutazama nikijiuliza kama kiburi hicho ni cha baba yako au cha mama yako." Kisha akachukua penseli, akapanga zamu nyuma ya kalenda, kama aliyekuwa ameshaipanga kichwani tangu Julai. Mlango wa saba, wa Mama Nuray, haumo katika desturi. Niliugonga pia. Nilikunywa chai tatu, na alasiri hiyo hiyo alikuwa wa kwanza kuja.

Usidhani nimefunguliwa. Nina asubuhi mbili kwa wiki. Jumanne nilikwenda mtoni peke yangu, mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi. Nikarudi kabla ya wakati. Daktari anasema kifua ni uchovu, nilale. Nilimwuliza saa ngapi, akacheka, mimi sikucheka.

Kuna mtu mmoja sijamwomba. Nilikuandikia mji mzima, nikakueleza bandari, nikakuachia ukisie ninachotaka. Sasa nakuomba kwa mdomo wangu. Usije kuishi. Mji uache ulivyo. Njoo wiki sita, ukae na Baba, nami nikae kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Sikuombi umsamehe, hilo ni lenu wawili. Ukikataa nitakuelewa, lakini ukatae kwa barua, si kwa kunyamaza.

Mdogo wako,
Gerdien

---

Alberta, 11 Februari 1987

Mdogo wangu Gerdien,

Wote wazima, na mgongo umepona. Shamba hatuuzi. Katika nyumba ile siwezi kuwaleta watoto kuishi.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namwandikia Baba. Barua saba. Zote zimeishia ndani ya jiko la kuni. Na wewe nilikulaumu kwa kuniambia, hadi karibu na Krismasi. Baada ya hapo nilikuwa naona aibu tu, na aibu nayo inakawiza posta.

Tiketi ninayo. Nafika tarehe mbili Aprili, peke yangu, wiki sita. Tayarisha hicho chumba chako na utafute ufunguo wake.

Majirani waambie. Mama Nuray mwambie. Baba usimwambie. Nataka kuuona uso wake kabla hajapata nafasi ya kuupanga.

Dada yako,
Willemien