Jiwe Chini ya Lango

Jumatano, Mbarali

Nimelala, nimeamka, nimerudi mezani. Ni lile jiwe.

Asubuhi nilifunga lango la mfereji wetu na kutia kufuli, kama kikao cha watumia maji kilivyoamua. Kiangazi kimekaza, na maji ya mto lazima yashuke mpaka bwawa la Mtera. Ufunguo ninao mimi, kwa hiyo na lawama ni zangu.

Kaka Augustino alinikuta palepale. Alichelewa kupanda, mpunga wake sasa ndio unatoa masuke. Hakugomba, na hilo ndilo linaloniudhi. Aliuliza tu, "Mdogo wangu, hiyo Mtera ina watoto wa kusomesha?"

Nikamjibu kwamba umeme wa taa zake unatoka huko. Akacheka kidogo, akaondoka. Kwake hakuna umeme. Nilisahauje?

Jioni nilipita kukagua. Mtu alikuwa amenyanyua lango kwa nondo, kadiri kufuli ilivyoruhusu, na kuingiza jiwe chini yake, maji yanapita kidogo kidogo kuelekea shamba la kaka. Na kesho mkaguzi wa maji anakuja.

Niliinama, nikalishika lile jiwe ili nilitoe.

Nikalifunika kwa majani.