Mpishi, Kisanamu cha Tisa

Maabara ya Meno ya Bandia,
Ghorofa ya Pili, juu ya duka la mapazia.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Na wewe Wifi unayemsomea, hujambo? Nakutaja mapema kwa sababu najua ukinuna, kurasa mbili za katikati zitarukwa. Vuta kiti, weka chai karibu. Nitakapoanza kujisifu usipunguze sauti.

Hali zenu huko? Kaka, yale matone ya macho unayatia kwa saa zake, au umeanza ukaidi? Mgongo wa Wifi umepata nafuu? Na wanangu, shule inaendaje? Sisi huku wazima. Mama ameacha mkongojo tangu mwezi uliopita na amerudia kulalamika juu ya chumvi, mapazia na majirani, kwa hiyo tunahesabu kwamba amepona. Shemeji yako yupo, amenenepa na hataki kuambiwa.

Nilitaka kufuata adabu nimalize habari za afya kwanza, lakini nimeshindwa kuvumilia. Kaka, tumelichukua kombe! Lipo hapa kwenye benchi langu la kazi, katikati ya taya za watu, na kila anayeingia namlazimisha alitazame.

Wifi hakukua na sisi, basi nimweleze kidogo. Tulikuwa na kitabu cha katuni, matoleo kumi na mawili, kuhusu watu tisa, kuanzia Nahodha na Rubani hadi Mpishi, wanaozoa taka za angani kwa chombo kibovu: vyuma vya setilaiti, mabaki ya vita, majokofu ya sayari nyingine. Baadaye kiwanda kimoja kikatoa visanamu vyao, kila kimoja urefu wa kidole gumba, pamoja na mchezo wa kupigana mezani kwa dadu, rula na kadi. Kikatoa wanane. Kabla ya kumtoa wa tisa, Mpishi, kikafungwa. Kadi ya Mpishi ipo, mwenyewe hayupo, na klabu yetu haina mchezo na sheria: bila kisanamu, kadi haichezwi.

Ndiyo maana mumeo, ambaye klabu nzima inamwita Jemadari, alicheza fainali tatu akiwa na wanane dhidi ya tisa, na mara zote tatu akashindwa kwa kichwa kimoja, yaani kisanamu kimoja. Usimcheke. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika rula, na mara mbili nililia.

Ipo pia kesi moja lazima uijue chanzo chake. Mpishi alichorwa mwili mzima mara moja tu, toleo la mwisho, ukurasa wa mwisho. Nilikuwa na miaka saba, nikaukata ukurasa huo nikafunikia daftari langu la hesabu, na daftari likapotea. Tangu siku hiyo Kaka anasema Mpishi alishika upawa kwa mkono wa kushoto. Mimi nasema wa kulia. Mwaka huu kesi imetimiza miaka thelathini na mitano, na harusi yenu ilikaribia kuharibika kwa ajili yake, utakumbuka hotuba yangu.

Kaka, barua yako ya mwaka juzi ninayo. Ilikuja na sanduku la visanamu, imeandikwa kwa mkono wa Wifi, na mstari wa mwisho ulisema: "Macho yamekwisha, mchezo umekwisha. Wagawie watoto wa jirani." Nilikasirika siku tatu. Wewe uliyepaka mabango ya nusu ya maduka ya mtaa huu, uliyeweza kumpaka Rubani kope kwa unywele mmoja wa brashi, unaniambia niwape watoto wa jirani wakawatafune? Sikukujibu hilo. Nilikujibu habari za mvua. Sanduku nikalisukuma chini ya benchi.

Mwezi wa kwanza nikalifungua. Harufu ya rangi zako ikanipiga usoni. Wanane walikuwa wamelala kwenye sponji uliyoikata mwenyewe, na kando yao shimo la tisa, limekatwa umbo la mtu mnene, tupu. Ulikuwa umemwekea nafasi miaka yote hiyo. Hapo nikaapa kwamba huyu mtu atapatikana. Kombe sikuliwazia. Nilitaka urudi mezani, na nakujua, hurudi kwa kubembelezwa.

Mwili nimeukata kutoka kwa kisanamu cha askari wa jeshi jingine, mwembamba kama njiti. Tumbo nikalijaza kwa udongo wa kugandisha, maana mpishi asiye na tumbo nani atamwamini? Aproni ni plastiki ileile ninayotengenezea fizi: nilichonga kwa nta, nikafunga ndani ya plasta, nikaitoa, nikaibandika. Upawa ni waya wa kushikia meno ya pembeni. Ncha yake niliigonga kwa nyundo ndogo hadi ikabonyea vizuri, unaweza kuchotea tone moja la maji, nimejaribu.

Kichwa nimekichonga mara tatu. Cha kwanza kilifanana na bosi wangu, nikaogopa. Cha pili kilipotea, na aibu yake sitaisahau. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alikuja kuchukua meno yake. Bosi akafungua kisanduku kwa madaha mbele yake, na katikati ya taya ya chini kumelala kichwa chenye kofia ya mpishi, kinywa wazi. Bosi akanigeukia. Mwalimu akavaa miwani, akakiangalia.

"Na huyu ni wa kwangu?"

"Hapana Mwalimu, samahani, huyo ni wa kaka yangu."

"Sasa mbona hana hata jino? Na wewe ndiyo kazi yako!"

Kwa hiyo kichwa cha tatu kina meno mawili ya mbele, kwa unga uleule wa meno ya wateja. Bosi alinuna wiki nzima, kisha akaniazima lenzi yake.

Rangi nimefuata daftari lako la rangi, lililokuwa sandukuni. Nilikuwa nakaa dirishani jioni baada ya kazi, jua likiwa bado lipo, nasoma mwandiko wako kama ulivyoandika: "Kutu: kahawia mbili, chungwa moja, vumbi la tofali lililochekechwa. Dondosha kwa sponji. Ole wako utumie brashi." Uliandika pia kwamba macho yapakwe kabla ya uso, ili ukikosea uje ufunike na rangi ya ngozi. Nilikosea mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Mpishi akanitazama. Niliweka brashi chini nikalia kama mtoto, kwa sababu mtu wa kwanza niliyetaka amwone ni wewe.

Nilipomaliza kulia nikapata akili. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kisanamu kilichopakwa hakishikwi mwilini, mafuta ya vidole yanakula rangi. Basi nikawapaka wote tisa vanishi, tabaka tano kila mmoja, washikwe mpaka wachoke. Wanane wako sikuwagusa rangi hata nukta. Chini ya kitako cha kila mmoja nikachonga mikato: Nahodha mmoja, Rubani miwili, hadi Mpishi tisa. Mikono ya Mpishi nikaifunga kwa sumaku ndogo ili itolewe asije akavunjika safarini, na kila mkono unakaa bega lolote. Huo ulikuwa ukarimu wangu kwa upande wako wa kesi.

Siku ya mashindano yalikuwepo majeshi ishirini na mawili. Jaji wa rangi alikuwa yule Fundi Saa wetu mstaafu, na lenzi yake jichoni. Alifika kwetu akakunja uso.

"Vanishi nzito hii. Wanang'aa kama vikombe. Nani kakuambia ufanye hivi?"

"Nimezidisha makusudi, Mzee. Mwenye kikosi haoni tena. Atawashika."

Akavua lenzi. Akafumba macho, akanyoosha mkono, nikampa Mzee Kutu, lile roboti. Akapitisha kidole gumba begani, taratibu, akarudia.

"Kutu hii naijua," akasema. "Vumbi la tofali. Jemadari huyu."

Watu waliokuwa karibu wakasogea kutazama. Fundi Saa akarudisha lenzi jichoni, akasafisha koo, akasema alama tatu amekata na hazirudi, sheria ni sheria, ila katibu aandike kwamba vidole vyake vimetoa alama zote. Tukawa wa pili kwa rangi, tumepitwa alama moja. Sikuumia hata kidogo, nilikuwa navimba tu.

Fainali tulikutana na nani kama si Fundi Viatu, na lile jeshi lake la mchwa wa chuma! Yuleyule aliyekufunga mara tatu. Kufikia raundi ya mwisho nilikuwa na hali mbaya: Nahodha chini, Tabibu chini, Fundi Mitambo chini, na tangi la mafuta katikati ya meza, ambalo mshindi ni mwenye vichwa vingi vilivyolishika, limezungukwa na mchwa. Nikaitoa kadi ambayo haijawahi kuchezwa katika klabu yetu. Mpishi akisimama na upawa wake, kila mwenzake aliyelala ndani ya inchi sita anapigiwa dadu. Nne kwenda juu, anainuka.

Fundi Viatu akainama kupima inchi sita. Tumbo lake likagonga meza. Mikono yote miwili ya Mpishi ikaruka.

Mkono mmoja ulianguka palepale. Wenye upawa haukuonekana. Kaka, roho yangu ilikuwa mdomoni. Angesema tu kwamba Mpishi hana upawa, kadi haichezwi, na hakuna ambaye angebisha. Badala yake lile jitu likapiga magoti chini ya meza.

"Tulieni hapo! Anayenyanyua mguu namtoa ukumbini!"

Aliukuta umenasa kwenye mguu wa kiti cha chuma, sumaku imeng'ang'ania. Akairudisha mikono mwenyewe, kwa vidole vile vilivyojaa makovu ya sindano. Lakini akauweka upawa kushoto. Mimi kutwa nzima nilikuwa nimeuweka kulia.

"Umekosea mkono," nikamwambia.

"Si ndiko alikokuwa anasema Jemadari siku zote?"

Nikauacha hapohapo. Nikarusha dadu. Tabibu akapata moja, akabaki kalala. Fundi Mitambo akapata tano. Ya Nahodha ikabiringika mpaka kwenye rula, ikasimama kwa pembe, ikafikiri, ikalala: nne. Nahodha akainuka, akapita kati ya mchwa wawili, akashika tangi. Tumeshinda kwa kichwa kimoja, Kaka. Kichwa kimoja! Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa jengo akaja. Wifi, hapa mwache apige kelele naye.

Fundi Viatu alinipa mkono. "Umecheza. Sasa namtaka mwenyewe."

"Haoni, nimeshawaambia."

"Nimeuliza kama anaona? Nimesema namtaka."

Kwa hiyo kifurushi unachokiona hapo, Wifi, usikiweke juu ya kabati. Mna kitambaa ambacho Mama amekishona kwa uzi mnene, miraba inasikika kwa kidole, na vifungo vya shati kwenye pembe. Pacha wake ninaye huku. Kaka atasema kwenye simu, nitasogeza hapa meno tisa ya bandia badala ya visanamu, na maadui utawasogeza wewe huko. Vipande tisa vya soli vyenye misumari ndio mchwa, zawadi ya Fundi Viatu. Wote tisa wetu wamo, kila mmoja kwenye shimo lake, hata lile la tisa.

Sasa limebaki moja, nimelikwepa barua nzima. Wiki iliyopita Mama alikuwa anatafuta uzi kwenye sanduku lake la nguo. Chini kabisa akatoa daftari langu la hesabu la darasa la pili, na jalada lake. Aliliangalia akauliza kama ni kwa ajili ya karatasi hii ndiyo tuligombana mpaka tumekuwa watu wazima. Nikamjibu ndiyo.

Wifi, mna bahasha ngumu ubavuni mwa sanduku. Ifungue, utoe ukurasa, umtazame Mpishi, umwambie mumeo upawa uko mkono gani. Mimi nimejaribu kuandika mara nne, kalamu inagoma. Akianza kunicheka mwache, ana haki ya miaka thelathini na mitano.

Na Kaka, mikono ya Mpishi imo kwenye kipakiti kidogo, peke yake. Nimekuachia wewe. Iweke mahali pake. Jumamosi saa kumi jioni simu italia, Fundi Viatu atakuwa amekaa mbele yangu, na tumekubaliana zamu ya kwanza ni yako.

Mama anawasalimu, anasema mshono wa kitambaa usidharauliwe. Shemeji yako anakusalimu, na Fundi Saa, na bosi wangu ambaye sasa anajifanya kichwa cha Mpishi lilikuwa wazo lake. Wabusu wanangu mashavuni, uwaambie shangazi yao ni bingwa. Mungu awalinde nyote, aijaze nyumba yenu vicheko, na akuongoze vidole, Kaka.

Wako akupendaye na aliyeshindwa kesi,
Mdogo wako, mkata kurasa.