Mwamuzi Ananinyooshea Kidole, Mchumba Wangu Anacheka

Mpendwa Mama Cathy, naomba unisaidie kabla sijaharibu hata kile kidogo kilichobaki, maana wivu unanila na watu wameanza kuuona. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda kimoja cha shaba hapa Likasi, nakaa Kikula, na kila Jumapili baada ya misa tunacheza kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira mgumu ambao Wahindi wa kazini walitufundisha, na mwamuzi wetu ni Rolly, niliyekua naye mtaa mmoja, tena tulianza mchezo pamoja, ila yeye goti lilimkatalia, akawa hawezi hata kukimbia, ndipo wakampa koti jeupe asimame katikati aamue, na tangu hapo Rolly yule yule ambaye zamani hakuna aliyemjali akawa wa kuitwa Monsieur Rolly, hata wakubwa wa kazini akiwanyooshea kidole kwamba wametoka, wanaondoka uwanjani bila neno.

Hayo ningeyameza, Mama, lakini mchumba wangu Adrienne akaanza kuja uwanjani, akataka kuujua mchezo, mimi nilikuwa nacheza, basi wakati wa chai akamuuliza Rolly, na Rolly akamweleza polepole akichora chini kwa kijiti, na Adrienne akaelewa kuliko nilivyowahi kumwelewesha mimi, na sasa nikichelewa au nikimwaga chai ananinyooshea kidole na kusema "Auti!", anacheka mpaka anashika mbavu, nami namwona Rolly ndani ya kile kicheko. Nikaanza visa. Kwa desturi anayerusha mpira humpa mwamuzi kofia yake amshikie, lakini mimi nikawa naitupa chini ili ainame na goti lake bovu, naye anaiokota, anaipangusa vumbi, ananirudishia kwa mikono miwili, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili iliyopita Adrienne alikuja na mama yake mkubwa, Mama Angèle, aliyetaka kumwona mkwe kabla ya siku ya mahari, maana sisi sote ni watu wa Kasai na mkwe hutazamwa vizuri. Nikashika gongo, mpira ukanipiga mguuni mbele ya vile vijiti vitatu ninavyopaswa kuvilinda, na kwa sheria mguu ukizuia mpira unaovielekea umetoka, basi wenzetu wa upande wa pili wakapiga kelele kumuuliza mwamuzi, Rolly akafikiri kidogo, akanyoosha kidole. Sikutoka. Nilimfuata nikamwambia watu wote wakisikia: "Weye Rolly, ulishindwa kucheza, sasa uko nakuya kutuhukumu? Ni Adrienne njo alikutuma uninyoshee kidole? Muko na mambo yenu, minye niko najua!"

Mama Angèle alikunja kiti chake akaondoka. Jioni Adrienne akaniambia: "Kama kidole ya Rolly inakukasirisha vile, siku tutakosana ku nyumba, nani atakuambia ukweli? Minye sitaki bwana wa makelele." Siku ya mahari imeahirishwa, na hawasemi mpaka lini. Nahodha naye anasema sichezi tena mpaka nimwombe Rolly msamaha. Mama, nimkataze Adrienne kuja uwanjani, au nimwombe nahodha atafute mwamuzi mwingine? Nampenda Adrienne na siwezi kumpoteza.

Ninayeungua, Kikula

Mama Cathy anajibu:

Unayeungua, pole. Wivu ni ugonjwa na mgonjwa hachekwi. Sasa pole imekwisha, kaa vizuri.

Kriketi siijui. Niliitazama mara moja nikadhani watu wamesimama wanangoja gari. Lakini waamuzi nawajua, kwa sababu marehemu mume wangu alichezesha mpira wa miguu hapa hapa Kikula, na kila Jumatatu nilikuwa nashona mashati yake yaliyochanwa. Mtu anayetoa siku yake ya mapumziko ili nyinyi mcheze bila kupigana, tena anakushikia na kofia, huyo unamwita adui?

Nimeisoma barua yako tena nikitafuta mahali unaposema mpira haukuwa unaelekea kwenye vijiti. Hapapo. Unajua kabisa kwamba ulikuwa umetoka. Hukumchukia Rolly kwa kukosea, ulimchukia kwa kusema kweli mbele ya Adrienne. Na Adrienne amekukosea nini? Baba, msichana wa Likasi hajifunzi kriketi kwa ajili ya mwamuzi. Alitaka kujua ni kitu gani unachokikimbilia kila Jumapili. Halafu jina lako umelificha na ya wenzako umeyaandika yote! Nimeyabadilisha mimi.

Unaniuliza nani aondolewe, mchumba au mwamuzi. Hakuna. Nenda kwa Rolly mchana, kwa miguu yako, si kwa WhatsApp, na usipitie kwenye bia. Mwambie "Nisamehe", na usiongeze "lakini". Kisha mchukue baba yako mdogo, mbebe kuku, mwende kwa Mama Angèle. Umesema ninyi ni watu wa Kasai, basi unajua kwamba ukitukana mbele ya wakwe huendi kuomba radhi mikono mitupu.

Hapo bado hujagusa kidonda. Tusi lile ulimtukana Adrienne. Uliuambia uwanja mzima kwamba ana mwanamume mwingine, na Kikula maneno kama hayo hayalali, yeye ndiye anayepita nayo sokoni. Kwa hiyo Jumapili, kabla mchezo haujaanza, simama mbele ya wale wale waliokusikia, useme kwa sauti ile ile: Adrienne hana kosa, ulikuwa wivu wangu. Itakuuma. Acha iume.

Ndipo umuulize Adrienne kama bado anakutaka, na umwache ajibu mwenyewe, bila Mama Angèle, bila nahodha. Akisema ndiyo, mshukuru Mungu na ujifunze kucheka naye. Akisema hapana, usibishe. Toka.