Upepo wa Mlangoni mwa Mzinga

Mjukuu wangu Anita,

Amani iwe kwako huko Dodoma. Sisi hapa Chonyonyo hatujambo, na magoti ya bibi yako yamepata nafuu. Umeuliza kwa nini asali uliyonunua imetoa povu na kunukia pombe. Iliharakishwa. Nimefungua shajara ya mwaka nilioposa, maana yalinipata hayo hayo.

Nilitaka kuwahi kupeleka asali kwa kina bibi yako, nikarina masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Ilipobaki siku moja ya kwenda, ndoo ilikuwa imejaa povu. Mjomba wangu wa Rugu, mwenye mizinga, akainusa akacheka.

"Mpwa, unaposa au unapeleka pombe ya matanga?"

Jioni akanipeleka kwenye mzinga. "Sogeza kiganja mlangoni, polepole."

Nikahisi upepo wa vuguvugu, kama pumzi ya ndama.

"Wanapepea kwa mabawa," akasema, "usiku na mchana, mpaka maji ya asali yapungue. Hapo ndipo wanafunika."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, lakini nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisani mara ya kwanza.

Kesho yake nilikwenda kwa wakwe mikono mitupu, nikaeleza kosa langu na upepo ule. Wazee wakaanza kuinuka. Nikajua nimekataliwa. Ndipo bibi yako akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Na mimi naweza kuuhisi?"

Nilijibu ndiyo kabla baba yake hajafungua mdomo.

Babu yako akupendaye