Vichupa Kumi na Viwili

Ankara, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Haidar,
Asalaam alaykum. Hujambo? Mimi mzima, ila tangu Ijumaa sijasema Kiswahili na mtu.

Vichupa nilivyoviacha kwenye friza ya maabara yenu vimefika. Unakumbuka: DNA ya kawaida ina nyuzi mbili, hii yangu hujikunja ikawa na nne. Sampuli sita za mwanzo nilizitia methili, kipande kidogo cha kemikali, ili mkunjo ustahimili joto. Kumbe ndizo zilizofumuka mapema! Profesa asema miaka yangu mitatu ni bure. Ulivipanga kama orodha yangu?

Dada yako,
Mwanawema

Konde, 9 Februari

Dada yangu,
Waalaykum salaam. Sisi wazima, yaani mimi na paka, tangu Mama atutoke. Nilivipanga kama orodha. Usihofu.

Mdogo wako,
Haidar

Ankara, 2 Machi

Haidar, salamu nyingi. Unakula? Nimerudia kupima, jibu lile lile. Tarehe ishirini nasimama mbele ya jopo linalokagua utafiti wangu. Nikishindwa, ufadhili unakatika, narudi nyumbani. Nimeshaanza kufunga mkoba.

Dada yako

Konde, 17 Machi

Dada,
Ramadhani karimu. Sikuulizi hali kwa sababu naogopa kuijua.

Kabla sijavituma, umeme ulikatika siku mbili, vibandiko vikalowa na kubanduka. Mpangilio niliujua, nikaandika namba upya vifunikoni. Sikukwambia kwa kuogopea kazi yangu, mkataba unaisha Juni. Jana nikipanga vichupa vingine, Bi Mize, mkuu wetu, alicheka: "We Haidar, ungali chuoni kwa Mwalim, wasoma Kurani? Mbona waanza mkono wa kulia?"

Kumbe hata vyako nilivihesabu kutoka kulia, nawe uliviweka kutoka kushoto: moja yangu ni kumi na mbili yako. Sita zenye methili ndizo zilizostahimili.

Nimemwandikia Bi Mize maelezo, nikatia saini. Nakala nimeiambatisha hapa, waoneshe. Nilikaa nayo kutwa nzima kabla ya kukutumia. Ungeshindwa ungerudi, na futari nisingeipika ya mtu mmoja. Mungu anisamehe.

Mdogo wako

Ankara, 21 Machi

Mdogo wangu,
Salamu, na swaumu njema. Maelezo yako niliyasoma mbele ya jopo. Nilijisahau, nikayasoma kwa Kiswahili mpaka mwisho. Hakuna aliyenikatiza.

Kwa karatasi tu hawakubali. Wamenipa miezi sita nipime vichupa vipya. Juu ya mkataba wako wa Juni, niandikie atakalosema Bi Mize, hata likiwa baya.

Idi sitakuwepo. Mkoba nimeufungua, nguo nimezirudisha kabatini.

Dada yako,
Mwanawema