Mkeka wa Mume Wangu

Kashi, baada ya sala

Dada Sumitra mpenzi,

Sisi wazima, na ng'ombe kazaa. Baba Madhav sasa anamfundisha Kisanskriti binti mmoja, Vasudha. Huchukua mzizi mmoja wa neno, "jna", yaani kujua, wakauchipuza: ujuzi, mjuzi, kujulisha. Na vicheko! Mimi, mkewe, alinichekea lini? Binti akiaga hunigusa miguu, "Mama, nibariki," nami humbariki huku roho yaniuma. Mungu anisamehe.

Jana niliketi mkekani, katikati yao.

"Nami nifundishe."

"Mama Madhav, chapati zitaungua!"

"Ziungue."

Baba Madhav akacheka, akanifundisha. Chapati nyeusi tulizila, wala hakulalamika.

Kesho nakanda unga mapema, nimtangulie binti mkekani.

Niombee, dada.

Mdogo wako,
Girija