Chetezo Chenye Mguu wa Nati

Masasi, Jumapili

Dada yangu Rukaiya,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na wanao, na kwamba magoti ya mama yamepata nafuu. Huku hatujambo, mikorosho ya Chiungutwa imetoa maua vizuri.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Nianze na dukuduku langu. Mwanao Abdulkadiri alipotoka jando, mlinikalisha na madereva, na shemeji Hamudi akawauliza wageni kama mzee wa vyuma chakavu, yaani mimi, ameacha mizani nje. Nami nilicheka. Lakini kilo tisini za mchele mlizopika siku ile zilitoka kwenye mizani hiyohiyo.

Tena hamjui kuwa si kila kitu nakipeleka kuyeyushwa. Miaka sita sasa nakusanya mapambo ya kale ya Kichina, ya shaba nyeusi. Ninayo kumi na moja: simba wawili, kobe, korongo mmoja na vyombo vya maua saba. Mhandisi wa Kichina aliyekuwa akijenga barabara alinifundisha kupindua chombo nikague muhuri wa chini, akanionya kuwa mihuri mingi ni ya kuiga, nisijione tajiri mapema. Akasema ule ukijani wa kutu ndio umri wake; ukiusugua, umeufuta.

Juzi nilikwenda Tandahimba kwa Mzee Sadallah, anafunga duka lake. Kwenye kaunta palikuwa na bakuli la shaba lililojaa misumari. Nikaimwaga. Miguu mitatu, na wa tatu ni nati ya baiskeli, kazi ya marehemu baba. Ni chetezo cha nyumbani kwetu, bila kifuniko.

Mzee akaniuliza kama hatimaye nimekifuata. Dada, ni mimi niliyemuuzia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nataka mtaji; alikipima kilo moja na robo tatu. Mama alipokikosa akasema umempa Hamudi, mchumba wako, akakiuze. Akakunyang'anya ufunguo wa kabati, nami nimekaa palepale nakula ugali. Miaka kumi na tisa! Leo unamwogesha, na ufunguo bado anaufunga kwenye pindo la kanga.

Ijumaa nakuja Newala nacho, nimwambie mama mwenyewe mbele yako na shemeji. Ya madereva tutayaongea baadaye, bado nimekasirika.

Kile kifuniko chake cha kichwa cha simba, ambacho mama hufunikia chumvi, usikisugue kwa majivu. Kioshe chumvi tu, ukiweke mezani.

Nisalimie wanao, na mama, ila usimwambie kitu mpaka nifike.

Mdogo wako niliyekukosea,
Tahiri